Kufundisha kazi kongwe za fasihi na istilahi zake katika madarasa ya juu ya sekondari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwalimu anayeshika madarasa ya mwisho ya sekondari, ambayo wanafunzi wake wanajua kusoma, wanajua kuandika, na wengi wao wameshachoka kuulizwa "dhamira kuu ni ipi?". Maswali ni yale yale walimu wa fasihi wanayoulizana wakikutana. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Nianze na istilahi au nianze na kazi yenyewe?

Anza na kazi. Istilahi ije pale mwanafunzi anapoihitaji. Ukimpa kwanza maana ya "taswira" kisha ukamwambia aitafute kwenye shairi, ataitafuta kama anayesaka jina lake kwenye orodha ya matokeo: akishaliona, basi. Atapiga mstari, ataandika "taswira" pembeni, na kufikiri kutakuwa kumeishia hapo.

Chukua ubeti huu wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoutazama mji wa Pate baada ya fahari yake kuanguka:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme,
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

Usitoe maana bado. Soma kwa sauti mara mbili, polepole, halafu uliza wanachosikia kabla ya kuuliza wanachoelewa. Daima atakuwepo mmoja atakayesema mshororo wa mwisho unajirudia mdomoni. Hapo toa maana: nyumba zimebaki mahame, makinda ya popo yamening'inia juu, husikii mnong'ono wala ukelele, na utando umetanda vitandani. Kisha swali la pili: jicho la mshairi linatembea vipi? Linaanza na nyumba nzima, linapanda darini, linasimama kusikiliza na halisikii kitu, halafu linashuka hadi kitandani. Kwa nini liishie kitandani? Waache wabishane. Kitanda ni mahali pa siri kuliko pote ndani ya nyumba. Mgeni hafiki huko, lakini uharibifu umefika.

Sasa rudi kwa yule aliyesikia sauti ikijirudia. Zitanda, matandu, walitandiye: kitanda na utando vinatamkwa kwa sauti zilezile, kana kwamba kimoja kilikuwa kimejificha ndani ya kingine tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi akishaona hilo, mpe jina, takriri ya sauti, na hatalisahau kwa sababu limekuja kutaja kitu alichokwisha kukishika. Vivyo hivyo na taswira. Na kama kuna mpenzi wa hesabu darasani, mwache ahesabu mizani: 11 kila mshororo, na pumziko baada ya ya 6. Kina cha -me kinatawala mishororo mitatu, kisha -ye inafunga ubeti, na -ye hiyohiyo ndiyo inayofunga beti nyingine za utenzi huo. Muulize sauti moja inayorudi mwishoni mwa kila ubeti inamfanyia nini msikilizaji wa shairi kuhusu kifo.

Hicho ni kipindi kizima kwa mishororo minne. Ni matumizi mazuri ya kipindi.

Istilahi zenyewe ni nyingi mno. Zipi zitangulie?

Vitabu vya kiada vina mazoea ya kupanga tamathali za semi kwa makumi, zote kwa herufi za ukubwa mmoja, kana kwamba tasifida na mtazamo wa msimulizi vina kazi sawa. Havina. Zipo istilahi zinazofungua kila ukurasa utakaousoma: msimulizi (au nafsineni, kwa shairi), mtazamo, kinaya, taswira, sitiari, ishara, toni, muundo. Hizo zifundishwe kwa kina na zirudiwe katika kila kazi mpya. Nyingine, kama ritifaa, tanakuzi, taniaba au majazi, zifundishwe zinapojitokeza, kwa dakika tano, kisha msonge mbele.

Mwanafunzi anayeweza kueleza ni nani anayesimulia, anajua nini na anaficha nini, ataandika insha nzuri hata kama amesahau jina la Kiswahili la kila tamathali. Kinyume chake hakipo.

Kinaya kinawachanganya sana. Nikifundishe vipi?

Kwa mifano mitatu mikubwa ya pengo kati ya kinachosemwa au kutarajiwa na kilicho kweli, kila mmoja siku yake. Ukivichanganya katika kipindi kimoja utawafundisha kutenganisha majina, na hilo ni jambo dogo.

Kinaya cha jukwaani kinaeleweka haraka kwa tamthilia ya Sophocles juu ya Mfalme Edipo. Tauni imeishika Thebe. Kauli ya mungu inasema muuaji wa mfalme aliyetangulia, Laio, atafutwe. Edipo anamlaani muuaji mbele ya watu wote, kisha anaahidi kumpigania marehemu kana kwamba ni baba yake mzazi. Ndiye baba yake mzazi, na muuaji ni Edipo mwenyewe bila kujua. Watazamaji wa Athene walikijua kisa hiki kabla ya kuketi, kwa hiyo taharuki haikutoka kwenye "nini kitatokea?". Waulize wanafunzi: kama siri imeshafichuka, mtazamaji amebaki kukaa pale kwa ajili gani? Swali hilo lina thamani kuliko fasili yoyote ya kinaya.

Kinaya cha maneno kina mwalimu wake mkuu katika hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari, katika tamthilia ya Shakespeare. Amepewa ruhusa ya kuhutubia kwa sharti asiwalaumu waliomuua Kaizari. Halaumu. Anaendelea kusema kwamba Bruto ni mtu mwadilifu, na kila anaporudia anatanguliza jambo moja jema alilolifanya Kaizari. Maneno hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni masikio ya umati. Wape wanafunzi nakala ya hotuba na kalamu, kila mmoja aweke alama pale ambapo yeye mwenyewe aliacha kuziamini hizo sifa. Alama hazitaangukia mahali pamoja, na mjadala wa kwa nini hazikuangukia pamoja ndio somo.

Kinaya cha hali nakifundisha kwa ukurasa wa mwisho wa riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili ilitoka kwa jina la Shujaa Okonkwo. Okonkwo amekufa. Mkuu wa Wilaya wa kikoloni anatembea kurudi kwake huku akiwaza kitabu anachotaka kukiandika, na anafikiri kisa cha mtu huyu kingeweza kupata sura moja. Halafu anajirekebisha: labda si sura, aya ya kutosha tu. Angalia pia kwamba hapo mtazamo umehama; baada ya riwaya nzima tukiwa upande wa watu wa Umuofia, kwao Okonkwo, tunafungiwa ndani ya kichwa cha mgeni asiyejua lolote. Kinaya na mtazamo vinafanya kazi kwa mkono mmoja. Mwanafunzi akiliona hilo, ameshavuka mpaka wa kutaja majina.

Kitabu kimoja kinasema "kinaya", kingine "kejeli". Nifuate kipi?

Fuata kile kinachotumiwa na watahini wa mfumo wako, na uwaambie wanafunzi wazi kwamba majina yanatofautiana. Tashtiti nayo ina kisa hichohicho: wengine wanaiita swali lisilohitaji jibu, wengine wanaitumia kwa maana ya kuchekesha ili kukosoa. Mwanafunzi aandike istilahi na kuifafanua kwa maneno machache ndani ya sentensi yenyewe. Msahihishaji yeyote atamwelewa.

Je, Aristotle bado ana nafasi darasani?

Anayo, mradi asifundishwe kama kanuni za barabarani. Kitabu chake juu ya sanaa ya ushairi kiliandikwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, miongo mingi baada ya tamthilia ya Edipo kuigizwa. Alikuwa anatazama kazi zilizokwisha kuwapo na kuuliza kwa nini zinafanya kazi. Wanafunzi wakilijua hili, wanapumua; wanaona kwamba hata wao wanaruhusiwa kutazama na kuuliza.

Mambo mawili huharibika sana katika kufundisha tanzia. La kwanza ni hamartia. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba ni "kasoro ya tabia", kwa hiyo wanaandika kwamba kiburi ndicho kilichomwangusha Edipo, na mjadala unakufa. Neno la Aristotle lina maana ya kosa, na asili yake ni kukosa shabaha. Mtu anaweza kukosa shabaha kwa sababu hakujua, si kwa sababu ni mbaya. Uliza: Edipo alijua nini siku ile aliyompiga na kumuua yule mzee njia panda, ambaye ndiye Laio? Kisha mweke Okonkwo kando yake. Huyu anatawaliwa na hofu ya kuonekana dhaifu kama baba yake, Unoka, na hofu hiyo inamwongoza mkono mara baada ya mara. Kwake yeye lile wazo la kasoro ya tabia linakaa vizuri zaidi. Watu wawili wa tanzia, makosa ya aina mbili, na wanafunzi wana kitu cha kuandikia.

La pili ni ule "umoja wa aina tatu", wa tukio, wakati na mahali, ambao unatajwa kama amri ya Aristotle. Alichosisitiza yeye ni umoja wa tukio. Kuhusu wakati aligusia tu kwamba tanzia hujaribu kubaki ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Umoja wa mahali ulikuja na wafasiri wa Italia, hasa Castelvetro mwaka 1570.

Kwa upande mwingine, mgeuko (hali kugeukia kinyume chake) na utambuzi (mhusika kutoka kutojua hadi kujua) ni zana nzuri mno. Mjumbe kutoka Korintho anakuja kumtuliza Edipo na, kwa maneno yaleyale ya kumtuliza, anamfungulia mlango wa maangamizi. Huo ni mfano wa Aristotle mwenyewe, na bado haujapata mpinzani.

Na ile piramidi ya ploti?

Itumie kwa tahadhari. Mchoro huo wa kisa kinachopanda hadi kilele kisha kushuka, Gustav Freytag aliuchora mwaka 1863 akifikiria tamthilia za matendo matano. Haukuchorwa kwa ajili ya riwaya, wala hadithi fupi, wala utenzi. Ukiulazimisha kwenye kila kazi, wanafunzi watatumia saa nzima wakitafuta "kilele" mahali ambapo mwandishi hakukiweka.

Lugha ya kazi kongwe inawakimbiza. Nirahisishe?

Usirahisishe maandishi, rahisisha njia ya kuyafikia. Toleo lililofupishwa na kulainishwa linabakiza kisa, na kisa ndicho sehemu ya kazi ambayo mwanafunzi angeweza kuipata popote.

Kwa tenzi za Kiamu, lahaja ya Lamu, mambo machache ya sarufi yanafungua mlango mkubwa. Mwambie mwanafunzi kwamba zi- mara nyingi inasimama mahali pa vi- yetu, hivyo zitanda ni vitanda na zisahani ni visahani. Mwambie kwamba umbo kama walaliye linasema wamelala. Mpe faharasa fupi ya maneno yasiyokisika, kama iyu kwa juu. Baada ya hapo mwache apambane. Wanafunzi wa ngazi hii wanapenda kupambana wakijua kuna njia ya kutokea.

Soma kwa sauti kila siku. Kazi nyingi za zamani zilitungwa ili zisikike, na mshororo unaoonekana mgumu kwenye karatasi mara nyingi unafunguka mdomoni. Muhtasari wa tukio utoe kabla ya kusoma kama kisa kina mafundo mengi. Kujua Edipo ni nani hakujamharibia mtu yeyote tamthilia ile.

Wahusika bapa ni dalili ya uandishi dhaifu, sivyo?

Hapana. E. M. Forster, aliyeeneza mgawanyo wa wahusika bapa, wa sifa moja tu, na wahusika duara, wenye undani, mwaka 1927, mwenyewe aliwatetea walio bapa. Soma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza. Karama anashitakiwa, Majivuno anamshitaki, na majina yao yanatangaza walivyo kabla hawajafungua kinywa. Ukitafuta undani wa nafsi ya Majivuno, hutaupata, na huyu hakuwekwa pale ili upatikane. Hiyo ni istiara: nchi inayoelea hewani, wajumbe wanaotumwa pande zote za dunia na hata mbinguni, na malipo wanayopata wakirudi na habari njema. Unene wa mhusika ungeipunguza kasi hoja.

Swali zuri la insha hapa ni: kazi hii ingepoteza nini kama Majivuno angepewa sura nzima ya kujitetea? Wengine watasema ingepoteza kila kitu, wengine watasema ingekuwa bora. Wote wanaweza kupata alama za juu.

Ni halali kufundisha kazi kongwe kwa tafsiri?

Ni halali, na ina faida yake. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya kama Juliasi Kaizari mwaka 1969. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Mtafsiri anayerudi kwenye kazi yake mwenyewe ni zawadi kwa mwalimu: kama matoleo yote mawili yanapatikana, weka kifungu kimoja kando ya kingine na uulize kwa nini alibadilisha alichobadilisha. Kila neno lililohama lina sababu, na kuitafuta sababu ni uhakiki.

Kinachostahimili safari ya tafsiri ni muundo, wahusika, kinaya na sehemu kubwa ya taswira. Kinachoumia ni sauti na mchezo wa maneno. Kwa hiyo usitunge swali la mizani au takriri ya sauti juu ya kazi iliyotafsiriwa, ila kama unauliza juu ya ufundi wa mtafsiri.

Kazi nyingine zina ubaguzi ndani yake. Niziruke?

Nyingine ziruke, hakuna kitabu kilichoandikiwa haki ya kuwa kwenye orodha milele. Lakini ukiamua kuifundisha, usiifundishe huku ukiangalia pembeni. Shylock, Myahudi mkopesha fedha katika tamthilia ile ya Venisi, ni mfano mzuri. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi rasmi hadi katikati ya karne ya 17, maana yake watazamaji wengi wa Shakespeare walimjua Myahudi kwa kusikia tu. Venisi yenyewe iliwafungia mtaa wao tangu 1516. Mwanafunzi akiyajua haya, anasoma hotuba maarufu ya Shylock, anapouliza kama Myahudi hana macho, kwa masikio mengine.

Na asiishie katikati ya hotuba. Wengi huikata pale inapodai utu wa pamoja. Iendelezwe hadi mwisho wake, ambapo madai hayohayo ya utu yanageuka kuwa hoja ya kulipiza kisasi. Je, tamthilia inamhurumia Shylock, inamtumia, au yote mawili? Darasa ambalo halijagawanyika kwenye swali hili huenda halijasoma. Nyerere kuwaita wahusika wale "mabepari" nako ni kusoma kwa namna fulani, na wanafunzi waulizwe kama wanakubaliana naye.

Maisha ya mwandishi yafundishwe?

Kidogo, na baada ya kusoma. Ukianza na wasifu, kila kitu kwenye kazi kinageuka kuwa ushahidi wa wasifu. Wahakiki Wimsatt na Beardsley walionya tangu 1946 dhidi ya kuipima kazi kwa nia ya aliyeiandika, na mhakiki Mfaransa Barthes akaenda mbali zaidi mwaka 1967 kwa kutangaza kifo cha mwandishi. Si lazima umzike mwandishi darasani. Inatosha kumzoeza mwanafunzi kuandika "shairi linafanya hivi" badala ya "mshairi alitaka hivi", kwa sababu la kwanza anaweza kulionyesha kwa kidole.

Mwanafunzi anasema kila mtu ana maoni yake. Nimjibu nini?

Mjibu kwa kumpa shairi lisilo na jina. Mhakiki I. A. Richards alifanya hivyo katika Chuo Kikuu cha Cambridge: aliwagawia wanafunzi mashairi bila jina la mshairi wala tarehe, akakusanya walichoandika, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Wasomi wale walisoma vibaya kwa njia za kushangaza. Walipuuza maana ya wazi ya sentensi, wakaleta hisia walizokuwa nazo tayari, wakalibebesha shairi mambo ambayo halikuyasema.

Rudia jaribio hilo darasani kwako. Kusanya majibu bila majina, yaandike ubaoni, kisha kwa kila jibu uliza: ni neno gani kwenye shairi linalolibeba? Majibu mawili au matatu tofauti yatasimama. Mengine yatakosa pa kukanyaga, na wenyewe watayaona kabla hujasema kitu. Hapo hoja ya "maoni yangu" inajibika bila kumdhalilisha mtu.

Insha zao zimejaa istilahi lakini hazisemi kitu. Nifanyeje?

Huu ndio ugonjwa mkuu wa wanafunzi hodari, na mara nyingi sisi walimu ndio tuliowaambukiza kwa kutoa alama moja kwa kila tamathali iliyotajwa. Tazama sentensi hii, ya aina tunayoisahihisha kila wiki:

"Mwandishi ametumia kinaya ili kuwavutia wasomaji na kuipamba kazi yake."

Unaweza kuihamishia kwenye kitabu chochote na isilalamike. Sasa hii, juu ya ule ukurasa wa mwisho wa Achebe:

"Maisha yaliyojaza riwaya nzima yanapunguzwa kuwa aya moja kichwani mwa Mkuu wa Wilaya, na kwa kuwa msomaji peke yake ndiye anayejua ukubwa wa kilichoachwa nje, kinaya hiki kinamgeuza kuwa shahidi."

Nawapa wanafunzi jaribio moja tu: ifute istilahi kwenye sentensi yako, usome kilichobaki. Sentensi ya pili inasimama hata ukilitoa neno "kinaya". Ya kwanza inabaki na kupamba na kuvutia, maneno mawili ambayo ningeyapiga marufuku kwenye insha za fasihi kwa mwaka mmoja kama ningepewa mamlaka.

Katika kusahihisha, gawa alama ili sehemu kubwa iende kwenye dondoo lililochaguliwa vizuri na maelezo ya linavyofanya kazi. Kutaja jina sahihi la mbinu kupate alama chache. Waonyeshe mgawanyo huo kabla hawajaandika. Wanafunzi huandika kwa kufuata mahali alama zilipo, na hakuna haja ya kuwalaumu kwa hilo. Dondoo liwe fupi pia. Mwanafunzi anayenakili mishororo minane kwa kawaida hajui ni neno lipi kati yake analolitaka.

Wanasoma muhtasari wa intaneti au wanaiandikisha programu ya akili bandia. Tutashinda vita hivi?

Usivipigane kwa kukagua. Badili kazi unayotoa. Swali la "jadili dhamira ya mamlaka" linajibika bila kufungua kitabu, na lilikuwa linajibika hivyo hata kabla ya kompyuta. Badala yake, mpe mwanafunzi mshororo mmoja, abadilishe neno moja, kisha aeleze kilichopotea. Weka "utando umetanda vitandani" kando ya "zitanda matandu walitandiye" na umuulize kwa dakika tano, ana kwa ana, kwa nini la pili linauma zaidi. Kagua alama alizoweka pembeni mwa kitabu chake, ukimwomba aeleze mojawapo. Aya moja iandikwe darasani kwa mkono kila wiki. Hizi ni kazi ndogo, zinasahihishwa haraka, na zinakuonyesha nani amesoma.

Filamu zisaidie?

Ndiyo, vipande. Onyesha maigizo mawili tofauti ya onyesho moja, kwa mfano hotuba ya Antonio, baada ya kuisoma. Filamu nzima kabla ya kusoma inawapa wanafunzi sura za wahusika ambazo hawataweza kuzifuta.

Vitabu vingapi kwa mwaka?

Vichache kuliko silabasi inavyotamani. Kama huna uhuru wa kupunguza, amua mapema ni vipi viwili mtakavyovisoma kwa kukaa navyo, na vilivyobaki mvipitie kwa mwendo wa haraka mkitumia maswali mliyojifunza kwenye hivyo viwili. Kugawa muda sawasawa kwa kila kitabu kunaonekana kama haki, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna hata kimoja kinachosomwa.

Mwanafunzi wangu mmoja amesoma kuliko mimi. Nimfanyeje?

Mpe kazi halisi. Aandae faharasa ya maneno magumu ya utenzi mtakaousoma mwezi ujao, au alinganishe matoleo mawili ya ubeti mmoja, maana tenzi zilizonakiliwa kwa mkono hazifanani neno kwa neno. Aje mbele aeleze kwa nini amechagua usomaji mmoja na kuuacha mwingine. Wewe kaa nyuma na wanafunzi, na umuulize lile swali unalowauliza wote: ni neno gani linalolibeba?

Mtihani umebaki wiki chache na hawajui fasili. Niache kila kitu tukariri?

Fasili hazichukui muda mrefu kwa wanafunzi ambao wameshakutana na vitu vyenyewe. Tengeneza kadi: upande mmoja istilahi, upande wa pili mshororo au tukio mlilolisoma pamoja, bila fasili. Mwanafunzi atoe fasili kwa mdomo akianzia kwenye mfano. Akishikwa na "utambuzi", anaona mjumbe wa Korintho. Akishikwa na "majazi", yaani jina linalotangaza tabia, anamwona Majivuno. Dakika kumi mwanzoni mwa kipindi zinatosha, kwa jozi, wakiulizana wenyewe. Muda uliobaki waandike aya na kuzifanyia lile jaribio la kufuta istilahi. Kadi ambazo mfano wake haumkumbushi mtu chochote, ziweke pembeni: hizo ndizo istilahi zilizofundishwa kwa jina tu, na ndizo za kurudia kwa kufungua kitabu.